Fiksa yako inakwenda wapi? Dalili, chanzo na dawa kwa maji machafu ya chumba cha giza cha nyumbani

Chujio la sinki la stoo yangu lilikuwa la shaba ya njano. Siku moja nililichomoa kutoa uchafu, nikakuta upande wa chini, ule ambao haufikiwi na brashi, umevaa ngozi ya kijivu yenye mng'ao hafifu. Nikaikwaruza kwa ukucha, haikutoka. Yalikuwa madini ya fedha. Yalitoka kwenye filamu na karatasi za picha, yakayeyukia kwenye fiksa, dawa inayofanya picha isibadilike tena ikiona mwanga, na fiksa hiyo niliyokuwa nikiimwaga kila Jumamosi ikayaacha kidogo pale kwenye shaba na kuyapeleka mengine yote shimoni. Hatua chache kutoka shimo lile kuna kisima ambacho majirani zangu wanachota maji ya kufulia na kuogea.

Haya ninayoandika ni kwa mtu anayesafisha filamu na kuchapa picha za nyeusi na nyeupe nyumbani, katika nyumba inayotumia shimo la maji taka, kama zilivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam. Kemikali za picha za rangi zina mambo yake na sitaziingia.

Kwanza elewa adui ni yupi. Divelopa ni dawa inayotokeza picha, na iliyotumika ina haidrokwinoni na metoli, au dawa za jamii hiyo, pamoja na salfaiti na magadi ya aina fulani. Stopu, inayosimamisha kazi ya divelopa, ni asidi nyepesi, ndugu wa siki au wa ndimu. Fiksa mbichi ni thiosalfeti, chumvi ambayo peke yake haitishi sana. Lakini fiksa iliyotumika ni kitu kingine: kila lita yake inaweza kubeba gramu kadhaa za fedha. Fedha huua bakteria, ndiyo maana baadhi ya vichujio vya maji vya udongo hupakwa fedha. Na shimo lako la maji taka ni kiwanda cha bakteria; wakifa au wakidhoofika, uchafu hauozi, unajaa tu.

Nisikutishe kupita ukweli. Fedha iliyoshikwa na thiosalfeti si kali kama iliyo huru, na ndani ya shimo lenye salfaidi nyingi hugeuka tope jeusi lisiloyeyuka. Lakini tope hilo halipotei. Litakaa chini hadi gari la kunyonya maji taka lije, kisha litakwenda kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka pamoja na mengine yote. Ni afadhali libaki kwenye ndoo yako, ambako unaliona.

Shaba imegeuka rangi: chujio, koki, au kiungo cha bomba

Chanzo ni fiksa kupita hapo. Shaba inapogusana na fiksa yenye fedha, fedha hujipaka juu yake. Dalili hii igeuze kuwa kipimo chako. Chukua kipande cha waya wa umeme wa shaba, umenye, usugue kwa msasa hadi uwake, kisha utumbukize kwenye maji unayoyashuku kwa dakika kumi. Ukipata ukungu wa kijivu au rangi ya fedha, hapo kuna fedha ya kutosha. Ukibaki mwekundu usishangilie mapema: kipimo hiki hakioni kiasi kidogo.

Dawa ni dumu. Dumu moja la plastiki nene, lenye kifuniko, liandikwe kwa kalamu isiyofutika FIKSA CHAFU, na lisiingie kitu kingine. Fiksa ya kwenye tangi la filamu inamiminwa humo, ya trei nayo humo. Picha ukiitoa kwenye fiksa, ishike kwa kona juu ya trei, hesabu polepole hadi kumi na tano, iache idondoke yote ndipo uipeleke kwenye maji.

Kuna kosa ambalo hata waangalifu wanalifanya. Wanaihifadhi fiksa vizuri, halafu maji ya kwanza ya kusuuza wanayamwaga. Maji hayo ndiyo yanayochukua fiksa yote iliyong'ang'ania kwenye filamu, kwenye gurudumu la tangi na kwenye kuta zake. Kwa filamu moja ya milimita 35 ni kama mililita 300 tu. Yatie kwenye dumu lilelile.

Maji ya kuoshea ni mengi na shimo linajaa haraka

Hapa tatizo mara nyingi ni koki iliyoachwa wazi. Wengi tulifundishwa kuosha filamu kwa maji yanayotiririka nusu saa nzima, na kwenye nyumba yenye shimo hilo ni balaa, maana maji mengi yanasukuma uchafu ambao haujaoza hadi kwenye shimo la kunyonyea.

Kampuni ya Ilford ilitoa njia ambayo hadi leo naiona bora kwa filamu iliyopita kwenye fiksa isiyo na dawa ya kukaza utando. Jaza tangi maji yenye joto sawa na la kemikali, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, lipindue mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, lipindue mara 20, mwaga. Basi. Maji yote hayafiki lita moja kwa tangi dogo. Mjazo wa kwanza unakwenda kwenye dumu la fiksa. Wa pili na wa tatu ndio unaoweza kwenda na maji mengine ya nyumbani.

Kwa karatasi zenye utando wa plastiki, dakika mbili za kuosha zinatosha. Mimi natumia mabeseni mawili: la kwanza la kusuuza tu, ambalo maji yake naona kama ni fiksa iliyozimuliwa na hayaendi sinki, la pili la kuosha. Karatasi za nyuzi, zisizo na plastiki, hufyonza fiksa ndani kabisa na zinaweza kudai saa nzima ya maji. Ukizitumia, ziloweke kwanza kwenye salfaiti ya sodiamu, gramu 20 kwa lita, dakika kumi. Muda wa kuosha unapungua sana. Kwa picha za majaribio sioni sababu ya kutumia karatasi za nyuzi kwenye nyumba ya shimo.

Na kama umeona mchicha au maua yanakauka kingo za majani mahali unapomwaga maji ya kuoshea, chanzo ni chumvi na boraksi. Boraksi imo kwenye divelopa nyingi na mimea haiivumilii. Acha kumwagilia kwa maji hayo kabisa, hata yakionekana meupe kama ya mvua.

Kuna harufu

Harufu zinatofautiana, na kila moja inasema jambo lake.

Ikiwa ni ile ya njiti ya kiberiti iliyowashwa karibu na pua, inayokufanya ukohoe, hiyo ni salfa dayoksaidi. Fiksa imekutana na asidi nyingi: stopu ni kali mno, au picha zinatoka kwenye stopu zikiwa zinachuruzika, au mtu ametia siki. Fungua mlango, toka nje, rudi baadaye. Mwenye pumu asikae humo hata dakika moja.

Ikiwa inachoma macho kama mkojo uliolala, ni amonia. Fiksa za haraka zina thiosalfeti ya amonia, na zikichanganyika na divelopa au magadi yoyote, amonia inatoka. Maana yake umemimina divelopa kwenye dumu lisilo lake.

Ikiwa ni harufu ya klorini, mtu ameosha trei kwa jiki. Jiki na fiksa zisikutane kamwe, wala kwenye trei wala kwenye sinki, kwa sababu gesi zinazotoka zinaunguza mapafu. Mweleze kila anayefanya usafi nyumbani, tena mapema. Trei zinaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, inatosha.

Ya mwisho ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: harufu ya mayai viza kutoka shimoni. Bakteria wasiopata hewa hugeuza salfa kuwa haidrojeni salfaidi, na fiksa inawaletea salfa kwa wingi. Shimo lolote lina gesi hii kidogo, lakini ikizidi baada ya wewe kuanza kumwaga kemikali, acha kumwaga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na ikiwa nyingi hulemaza pua. Harufu ikipotea ghafla haimaanishi gesi imeondoka. Watu hufa mashimoni kwa sababu hiyo, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Usichungulie, usishuke, usimtume kijana kushuka. Ita watu wa gari la maji taka, na uwaambie wazi kwamba kemikali za picha zimeingia humo.

Dumu limevimba

Hili lilinipata. Nilichanganya divelopa ya karatasi iliyotumika na stopu iliyochoka kwenye dumu la lita tano, nikafunga kifuniko vizuri, nikalala. Asubuhi dumu lilikuwa limetuna hadi kitako, halisimami, linayumba sakafuni. Divelopa nyingi za karatasi zina kaboneti, na kaboneti ikikutana na asidi inatoa kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya kwenye soda. Ukilikuta dumu hivyo, vaa miwani na glavu, lipeleke nje, geuza uso pembeni, legeza kifuniko robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Kuchanganya hizo mbili si kosa, ni jambo zuri, maana ukali wa moja unavunja ukali wa nyingine. Ila fanya kwenye ndoo iliyo wazi, mimina stopu kidogo kidogo, subiri povu liishe. Kama stopu yako ni ile ya njano yenye kiashiria, utaona inageuka zambarau pale asidi inapokwisha. Acha ndoo nje kivulini siku nzima ndipo uweke kwenye dumu, na kifuniko kisibanwe.

Baada ya hapo inakwenda wapi? Watengenezaji wanashauri kemikali za picha zisiingie kwenye septiki, na mimi nimekubaliana nao. Nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka wa mji ni jambo jingine: huko mchanganyiko huu, kwa kiasi cha mtu mmoja anayechapa nyumbani, unaweza kupokelewa ukiwa umezimuliwa kwa maji mengi. Uliza kwanza ofisi ya mamlaka ya maji ya eneo lako. Mimi nina rafiki mwenye nyumba ya namna hiyo na mara moja kwa miezi kadhaa nampelekea dumu.

Njia nzuri zaidi ni kupunguza. Divelopa za kuzimua na kutumia mara moja zinakuruhusu kutengeneza kiasi cha filamu moja tu. Joto letu nalo linaharibu: divelopa iliyo kwenye chupa nusu, chumba kikiwa na nyuzi 30, inakuwa rangi ya chai ya rangi kabla hujaitumia, na hapo umezalisha taka bila kupata picha. Hifadhi kwenye chupa ndogo zilizojaa hadi shingoni. Wapo wanaotumia divelopa ya kahawa, soda ya kufulia na vitamini C. Inafanya kazi kweli kwa filamu, na inaondoa haidrokwinoni. Lakini fiksa inabaki fiksa, na fedha inabaki fedha, hata kama divelopa yako ingeweza kunyweka.

Stilwaya haibadiliki, au imeyeyuka yote

Kutoa fedha kwenye fiksa nyumbani kunahitaji stilwaya tu, ile laini ya kusugulia masufuria. Chuma kinaingia kwenye maji, fedha inatoka na kukaa mahali pake. Kwa hesabu ya kemia gramu 1 ya chuma inaweza kung'oa karibu gramu 4 za fedha, ila kwa kweli chuma kingi huliwa na asidi, kwa hiyo usibane.

Chambua stilwaya hadi iwe kama pamba, itie kwenye ndoo ya plastiki, mimina fiksa chafu hadi izamishe yote. Weka nje, penye hewa na kivuli, funika kwa wavu au ubao uliolegea ili kuku na watoto wasifike. Saa chache baadaye utaona nyuzi zinapoteza weupe wake, zinakuwa kijivu, kisha nyeusi, na ukizigusa kwa kijiti zinavunjika kama majani makavu. Chini linatua tope laini kama la wino. Siku ya pili pima kwa waya wa shaba. Ukigeuka rangi, ongeza stilwaya mpya na usubiri tena.

Siku mbili zimepita na stilwaya bado inang'aa? Kwanza kumbuka ulinunua ya aina gani: ile ya chuma kisichoshika kutu, yenye nyuzi pana zilizojisokota, haifai hapa. Unataka ile ambayo ukiiacha kwenye sinki usiku mmoja inakuwa nyekundu. Pili, stilwaya nyingi mpya zina mafuta. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto. Tatu, huenda fiksa yako haina asidi. Fiksa zisizo na asidi hufanya kazi hii kwa kuvuta miguu. Pima kwa karatasi za kupimia pH, namba ya asidi ambayo hushuka asidi ikizidi. Unataka kati ya 5 na 6. Ikiwa juu ya hapo, ongeza stopu chakavu kijiko kwa kijiko, nje ya nyumba, ukiwa upande unaotokea upepo.

Kinyume chake, ukikuta stilwaya imekwisha yote usiku mmoja na maji yana mapovu, asidi ni nyingi mno: chuma kimeliwa bure na fedha bado imo. Ongeza soda ya kupikia kidogo, kisha anza na stilwaya nyingine. Kama ni fiksa ya haraka, nenda taratibu zaidi, maana ukivuka mpaka utasikia amonia.

Maji yakifaulu kipimo cha waya wa shaba, yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yatakuwa na rangi ya kutu. Hayafai tena kusafishia picha. Bado yana thiosalfeti na chuma, kwa hiyo sijayaruhusu kuingia shimoni kwangu: yanasafiri na dumu lile la divelopa, kila moja kwenye chombo chake. Tope lianike kwenye sahani ya plastiki, likikauka liweke kwenye kopo lenye jina. Wanaonunua filamu za zamani za eksirei ili kutoa fedha, na baadhi ya masonara, wanalijua tope hili. Faida haitakuwa kubwa. Usijaribu kulisafisha mwenyewe kwa asidi kali. Moshi wake si wa kuchezea.

Fiksa imeganda unga wa njano au mweupe

Hiyo ni salfa. Fiksa imezeeka, au imepata joto, au imebeba asidi nyingi kutoka kwenye stopu. Haichujwi na kutumika tena. Inakwenda dumu la fiksa chafu.

Usingoje ifike hapo, wala usiitupe mapema kwa hofu. Fiksa ikiwa mpya, tia kipande cha ncha ya filamu ambacho hakijasafishwa, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, andika namba hiyo kwenye chupa. Muda ukifika maradufu, fiksa imechoka. Kwa kupima hivi nimeacha kumwaga fiksa ambayo ilikuwa na nusu ya nguvu zake.

Umerithi chupa za studio iliyofungwa

Studio nyingi zilifungwa kamera za kidijitali zilipoenea, na vitu vyake vinagawiwa pamoja na mashine ya kukuza picha. Trei na koleo chukua. Chupa zisizo na jina usizinuse, usizichanganye, usizifungue. Fuwele za rangi ya chungwa huenda ni dikromati, ambayo husababisha saratani. Fuwele nyekundu huenda ni ferisianaidi, ambayo haitakiwi kukutana na asidi kali wala moto. Tona ya seleniamu, dawa ya kubadili rangi ya picha, ni sumu, haimwagwi popote; kama ni yako na unaijua, ichuje na uendelee kuitumia hadi iishe nguvu, kisha ihifadhi. Dawa za zamani za kuongeza weusi wa negativu zinaweza kuwa na zebaki.

Vitu hivi si kazi ya ndoo na stilwaya. Piga picha ya lebo, weka chupa wima kwenye karai la plastiki, kisha ulizia kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, ni nani mwenye kibali cha kuvipokea.

Masika yameingia stoo

Dalili ya mwisho huonekana mara moja kwa mwaka: maji yamepanda sakafuni na madumu yanaelea. Dumu lililo nusu ni jepesi kuliko unavyodhani. Likielea linalala, kifuniko kilicholegezwa kinatoka, na kazi ya miezi inakwenda na mafuriko hadi kwa jirani. Kabla ya Machi, toa kwanza kila dumu ambalo lina pa kwenda. Yanayobaki yapandishe juu ya kitu kisichoelea. Yangu yako juu ya meza ya zege, ndani ya karai, yamefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Hakuna hata moja lililowahi kuwa chupa ya maji ya kunywa, na kila moja limeandikwa pande mbili, ili anayeingia gizani na tochi asome kutoka popote aliposimama.